Katuni ya Karatasi Iliyokatwa kwa Mkono: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Simu Moja na Sakafu ya Saruji

Katuni za karatasi ninazoletewa na vijana wa Mtwara Mjini, Mikindani na hata Masasi zinaugua ugonjwa mmoja. Hadithi ipo, michoro inapendeza, lakini ukianza kuitazama kila kitu kinacheza: mwanga unapanda na kushuka, mti wenye mizizi unahamahama, mpaka ardhi nayo inatembea. Mwenye kazi analaumu simu yake kuwa ya bei ndogo, au mkono wake kuwa haujui kuchora. Si simu, si mkono.

Utamu wa katuni ya aina hii, ya kusogeza vipande vya karatasi kidogo kidogo na kupiga picha moja moja, ni kwamba mtazamaji anaiona karatasi. Anaona ulikopita mkasi, anaona kivuli chembamba chini ya mkono wa ngedere, anaona goti limekunjika kupita kiasi, na bado anaamini ngedere yu hai. Mtikisiko unaotoka kwenye vidole vyako ni sehemu ya utamu huo, na kompyuta huhangaika kuuiga. Mtikisiko unaotoka kwenye simu, taa au upepo ni uchafu mtupu. Hatua zote hapa chini zina kazi ya kuutoa huo wa pili bila kuugusa wa kwanza. Kanuni ni hii: kati ya picha moja na inayofuata, kisogee kile tu ulichokisogeza kwa kusudi.

Tutatengeneza filamu ya sekunde 20. Ngedere anafika chini ya mkorosho, anaona bibo lililoiva, anarukia halifikii, anakaa chini amenuna, bibo linamdondokea kichwani.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukikatiza kazi katikati kwenda dukani kutafuta uzi, utarudi ukute taa imesogezwa na mtu.

- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha picha 300.
- Programu ya kupiga picha moja moja. Stop Motion Studio inafaa, na ina toleo la bure.
- Manila nyeupe shiti 2 na nyeusi shiti 1.
- Karatasi za rangi: kalenda za zamani, maboksi ya biskuti, magazeti, mabaki ya kitenge kwa fundi cherehani.
- Mkasi mdogo wenye ncha, wembe na kipande cha ubao cha kukatia.
- Sindano nene na uzi wa kawaida wa kushonea.
- Gundi nyeupe ya maseremala. Uji mzito wa unga wa muhogo nao unashika, ila soma onyo lake kwenye hatua ya mwisho.
- Selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi.
- Matofali ya kuchoma 8 hadi 12 na mbao mbili nyembamba za urefu wa sm 70.
- Taa mbili za LED zinazofanana, za kampuni moja na wati zile zile.
- Washa ndogo za chuma (zile pete bapa za bolti) kutoka duka la vifaa vya ujenzi, tano au sita.
- Earphone za waya, pawabenki, rula, penseli, kalamu nyeusi ya wino mzito, kitambaa cheusi.

Meza sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Tutafanya kazi sakafuni.

## Hatua ya 1: Igawe hadithi kwa sekunde

Sinema ya kawaida inapita picha 24 kwa sekunde. Kwa karatasi, 12 zinatosha, na mwendo wake mkavu kidogo ndio unaoipa katuni hii sura yake. Sekunde 20 mara 12 ni picha 240. Zigawe hivi kwenye daftari:

- Ngedere anaingia: sekunde 4, picha 48.
- Anainua kichwa, anaona bibo: sekunde 3, picha 36.
- Anarukia mara tatu: sekunde 5, picha 60.
- Anakaa chini: sekunde 3, picha 36.
- Bibo linadondoka, anashangaa, analiokota, anakula: sekunde 5, picha 60.

Usiweke mazungumzo. Kulinganisha mdomo na maneno ni kazi nyingine kabisa, na wengi wanaoanza na hadithi ya kuongea hawafiki picha ya 50.

*Dalili ya mafanikio:* mtu asiyejua hadithi anaisoma orodha yako na kukusimulia bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Weka ukubwa

Chora kwenye manila mstatili wa sm 40 kwa sm 22.5. Hayo ndiyo mapana ya skrini ya kawaida, upana 16 kwa kimo 9. Mandhari yenyewe ikate kubwa zaidi, ipite mstatili kwa sm 4 kila upande, ili simu ikilala kombo kidogo isionyeshe sakafu.

Ngedere awe na urefu wa sm 12. Akiwa wa sm 5, kidole chako kikigusa mkono wake kitasogeza mwili wote. Akiwa wa sm 20, hana pa kutembea.

## Hatua ya 3: Chora na kukata vipande

Mchore ngedere kwa ubavu. Uso wa mbele unapendeza kwenye picha tuli, lakini mwili unaotazama mbele haujui kutembea. Vipande ni 13: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili yenye vipande viwili kila mmoja, miguu miwili vivyo hivyo, na mkia wa vipande vitatu.

Kosa linaloua vikaragosi vingi linaanzia hapa kwenye penseli. Watu wanachora ngedere mzima, kisha wanamkata kwenye kiwiko na goti. Akikunja mkono, kiwiko kinaacha pengo. Chora kila kipande peke yake, na mwisho wake unaokutana na kipande kingine uwe nusu duara yenye upana wa karibu sm 1.5. Vipande viwili vipandiane duara juu ya duara. Tundu la uzi likikaa katikati kabisa ya duara, mkono utazunguka utakavyo na pengo halitaonekana.

Bandika karatasi ya rangi kwenye manila kabla ya kukata, si baada. Kisha bandika karatasi nyingine upande wa nyuma, hata gazeti. Gundi inapokauka huivuta karatasi. Ukibandika upande mmoja tu, kipande kitajikunja. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zikiwapo, manila isiyobandikwa pande zote mbili itakuwa imekunjamana kesho yake asubuhi. Lundika vitabu vizito juu, uache usiku mzima.

Unapokata, shika mkasi pale pale na uzungushe karatasi. Mkono unaouzungusha mkasi hutoa ukingo wa meno. Sehemu za ndani, kama nafasi kati ya vidole, zikate kwa wembe juu ya ubao. Kama unafanya na watoto, wembe ushikwe na mtu mzima peke yake.

Maliza kwa kupitisha kalamu nyeusi kwenye unene wa ukingo wote. Mstari mweupe wa manila iliyokatwa hung'aa chini ya taa kuliko unavyodhani.

Kata na vipuri: vichwa viwili vya ziada (kimoja macho yamefumba, kingine mdomo wazi) na mabibo mawili. Bibo moja lipake rangi nyekundu au njano, korosho ya kijivu ikining'inia chini yake. Mtu wa Newala, aliyekulia kwenye mikorosho, akiona korosho imewekwa juu ya bibo ataacha kutazama filamu.

## Hatua ya 4: Unga viungo

Pini za chuma zinazouzwa kwa kazi hii hazipatikani kirahisi huku, na hata zikipatikana zina kichwa kinachong'aa. Uzi ni bora, na ni wa bei ya chini.

1. Toboa tundu katikati ya kila duara kwa sindano, si kwa msumari. Tundu likiwa pana kuliko uzi, kiungo kitayumba.
2. Piga fundo mwisho wa uzi. Pitisha sindano kutoka nyuma ya kipande cha chini hadi mbele ya kipande cha juu.
3. Vuta mpaka vipande vigusane. Piga fundo la pili mbele, ukilisukuma kwa ncha ya sindano lishuke hadi kwenye karatasi.
4. Kata uzi uliobaki, weka tone dogo la gundi juu ya fundo tu. Gundi ikiteremka katikati ya vipande, kiungo kimekufa.
5. Likauke, kisha lipake fundo rangi ya mwili.

Kukaza kiasi gani? Mlaze ngedere chali, sukuma kiganja chake kwa kidole kimoja. Mkono unatakiwa uende na ukae ulipouacha. Ukirudi nyuma, umekaza mno. Ukiendelea kutelezesha baada ya kidole kutoka, umelegea, na hapo hakuna dawa ila kukata uzi na kufunga upya. Usijidanganye kwamba utauzoea. Kwenye picha 240, kiungo kilicholegea kitakukasirisha mara 240.

Mwisho, gundisha washa mbili nyuma ya kiwiliwili, moja nyuma ya kichwa. Uzito huo unamfanya alale bapa na asipeperuke ukipumua. Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata vikaragosi vya filamu yake ndefu iliyotoka 1926, alichanganya kadibodi na mabati membamba ya risasi kwa sababu hiyo hiyo. Risasi ina sumu, washa zinatosha.

*Dalili ya mafanikio:* unamshika kiwiliwili, unamsogeza sm 1, mikono na miguu inafuata bila kubadili mkao.

## Hatua ya 5: Mandhari

Anga hafifu, ardhi nyekundu, mkorosho wenye matawi yaliyoshuka karibu na ardhi kama ilivyo kawaida yake. Ngedere ni mweusi au kijivu, kwa hiyo nyuma yake pawe peupe. Watu wanapenda kujaza majani mpaka mhusika anapotea. Acha nafasi.

Kila kitu cha mandhari kibandikwe kwa gundi mpaka mwisho. Jani moja lililolegea litacheza filamu nzima, na jicho la mtazamaji litakwenda kwenye jani hilo badala ya ngedere.

Sasa ujanja unaookoa muda: kata utepe mrefu wa majani ya nyasi, kimo chake sm 3, uubandike mbele kwa chini, upande wa juu ukiwa wazi ili miguu ya ngedere ipite nyuma yake. Kutembeza miguu ya karatasi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nyasi zikificha nyayo, unahitaji tu kumpandisha na kumshusha kidogo kila anaposonga, na kila mtu ataamini anatembea.

Bandika mandhari sakafuni kwa selotepu, pande zote nne, ukingo mzima. Vipande vinne vya pembeni havitoshi, katikati patainuka.

## Hatua ya 6: Simu juu ya matofali

Sakafu ya saruji haitikisiki. Meza ya chumbani hutikisika kila mtu anapopita, na kila unapoiegemea kumsogeza ngedere. Kwa hiyo panga nguzo mbili za matofali, kulia na kushoto kwa mandhari, weka mbao mbili juu zikiachiana nafasi ndogo, na simu ilale juu yake chali, skrini ikitazama juu na kamera ya nyuma ikichungulia chini katikati.

Ongeza au punguza tofali mpaka mstatili wako wa sm 40 ujaze skrini. Kwa kamera ya kawaida ya simu nyingi itakuwa kimo cha sm 30 hadi 40. Usitumie zumu ya kuvuta kwa vidole. Inaharibu picha na mara nyingine inajirudisha yenyewe. Badili matofali.

Ibane simu kwa selotepu ya karatasi, mbao nazo zibane kwenye matofali. Kuanzia hapo simu haiguswi. Chomeka earphone: kwenye simu nyingi kitufe chake cha sauti kinapiga picha. Kikikataa, washa taima ya programu ipige kila baada ya sekunde kadhaa, wewe ukiwahi kusogeza na kutoa mkono.

Chomeka pawabenki mapema, waya wake uushikishe kwenye ubao ili usivute simu. Weka simu kwenye hali ya ndege. Simu ikipigwa katikati ya kazi, mtetemo wake peke yake unatosha kuihamisha milimita mbili, na hutaijua mpaka utakapotazama filamu.

## Hatua ya 7: Mwanga

Hapa ndipo zinapofia kazi nyingi, kwa hiyo soma taratibu.

Usitumie jua. Mwanga wa dirishani ni mzuri kwa picha moja, lakini picha 240 zinachukua saa kadhaa. Jua linahama na mawingu ya baharini yanapita. Matokeo ni filamu inayopata usiku na mchana mara kumi ndani ya sekunde 20. Ziba dirisha kwa blanketi, au fanya kazi usiku.

Weka taa moja kulia na nyingine kushoto, kila moja ikimulika kwa mshazari wa nyuzi kama 45. Taa moja peke yake inaleta kivuli kirefu upande mmoja. Taa ya juu kabisa inaleta kivuli cha simu katikati ya mkorosho. Ukitaka kivuli kidogo cha karatasi kibaki, na mimi nakipenda, isogeze taa ya kushoto mbali kidogo kuliko ya kulia.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde. Taa nyingi zinazotumia umeme huo hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na huo ndio mpepeso au mistari myeusi inayopita kwenye picha. Programu ikikuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde. Hapo kila picha inabeba mizunguko kamili ya taa na mwanga unalingana. Kama simu haikuruhusu, jaribu taa nyingine kabla ya kulaumu programu. Kuna LED za bei ndogo zinazopepesa vibaya na nyingine za bei hiyo hiyo zilizotulia.

Taa za kuchaji zinasaidia umeme ukikatika, lakini zina mtego wake: betri inaposhuka, mwanga unafifia polepole. Hutaona ukiwa unafanya kazi. Utaona baadaye, jioni ikiingia kwenye filamu ambayo hukuipanga. Umeme ukikatika katikati ya tukio, ni afadhali kusubiri urudi.

Mambo mengine matatu:

- Vaa nguo nyeusi au ya rangi ya giza. Shati jeupe linarudisha mwanga kwenye karatasi, na kila ukisogea mwanga huo unabadilika.
- Rudi mahali pale pale, mbali kidogo, kabla ya kupiga kila picha.
- Zima feni na funga mlango. Ndiyo, kutakuwa na joto. Msimu wa kusi ndio mbaya zaidi, upepo unapita hata chini ya mlango. Ziba hapo kwa kitambaa. Piga tukio moja moja na utoke nje kupumua kati ya tukio na tukio, kamwe si katikati.

## Hatua ya 8: Ifunge kamera

Simu imefundishwa kujirekebisha yenyewe. Ngedere mweusi akiingia, inaona giza na kuongeza mwanga, akitoka, inapunguza. Ndiyo maana mandhari yako inapauka kila mhusika anapopita.

Kwenye mipangilio ya programu, toa uamuzi huo mikononi mwa simu: funga mwanga, funga ulengaji (fokasi), funga rangi ya mwanga. Penye simu isiyo na vitufe hivyo, bonyeza skrini kwa sekunde mbili au tatu kwenye shina la mkorosho mpaka alama ya kufuli itokee. Fanya hivyo ngedere akiwa ndani ya picha. Na ukifunga programu na kuifungua tena, angalia kama kufuli bado ipo.

## Hatua ya 9: Jaribio la picha 24

Usilikwepe hili. Piga picha 24 bila kusogeza chochote, lakini ukifanya kama unasogeza: piga goti, nyoosha mkono, urudishe, rudi mahali pako, piga. Kisha ziangalie kwa mwendo wa 12 kwa sekunde.

Inatakiwa ionekane picha moja tuli kwa sekunde mbili.

- Picha yote ikiruka kwa pamoja: simu au matofali.
- Mwanga ukipanda na kushuka haraka: taa au shata. Ukibadilika taratibu: dirisha, betri ya taa, au shati lako.
- Ngedere peke yake akitetemeka: upepo, au washa ni chache.
- Mandhari ikipumua katikati: selotepu ya pembeni.

Usiende hatua inayofuata mpaka sekunde hizo mbili zitulie.

## Hatua ya 10: Piga

Washa kile kipengele kinachoonyesha picha iliyopita kwa ukungu juu ya unayotaka kupiga. Ndiyo macho yako kuanzia sasa.

Kuingia. Ngedere ana sm 24 za kutembea ndani ya picha 48, yaani milimita 5 kila picha. Lakini asianze na milimita 5 moja kwa moja. Anza na 2, kisha 3, kisha 5. Karibu na kusimama, rudi 3, 2, 1. Hizo ulizopunguza zifidie katikati kwa milimita 6 hapa na pale. Kiumbe chenye uzito hakianzi ghafla wala hakisimami ghafla. Kila picha sita, mpandishe milimita 3 kisha umshushe, na mkia uwe unachelewa: mwili ukisimama, mkia uendelee kwa picha tatu zaidi. Mkia unaochelewa unaleta uhai kuliko uso uliochorwa vizuri.

Kutazama. Waoga wa kukaa kimya wanaharibu hapa. Kichwa kikishainuka, mwache atulie picha 8 hadi 10 bila kusogeza chochote. Mpepese macho mara moja kwa kubadili kichwa, picha 2 tu macho yakiwa yamefumba. Mtazamaji anahitaji muda wa kuliona bibo pamoja naye.

Kurukia. Kabla ya kwenda juu, ashuke. Picha 3 za kuchuchumaa, picha 2 za kupaa, 2 za kuning'inia juu, 2 za kushuka. Mara ya pili achuchumae zaidi. Mara ya tatu achuchumae kwa muda mrefu kabisa, halafu aruke kidogo kuliko zote. Hapo ndipo watu wanapocheka.

Bibo kudondoka. Kitu kinachoanguka kinaongeza mwendo kwa hesabu ya 1, 3, 5, 7. Kama kati ya bibo na kichwa cha ngedere aliyekaa kuna sm 8, lishushe sm 0.5, kisha 1.5, kisha 2.5, kisha 3.5. Picha nne tu. Watu hulishusha sm 1 kwa sm 1, na bibo linaonekana linateremka kwa kamba.

Likigonga, badili kichwa kiwe chenye macho yaliyofumba, kisukume chini milimita 5, halafu kila kitu kisimame picha 6. Baada ya hapo malizia unavyotaka: aliokote, alitazame, alitafune kwa kubadilisha vichwa viwili kila picha tatu.

Utamgonga ngedere kwa bahati mbaya, hilo ni lazima. Tumia ile picha ya ukungu kumrudisha. Akirudi karibu na pale alipokuwa, tofauti ya milimita moja au mbili, piga na uendelee. Wanaotumia dakika kumi kumrejesha sawasawa kabisa wanapoteza muda na pia wanapoteza kile kilichowafanya wachague karatasi. Lakini ukiigusa simu, ubao au mandhari, simama. Rudi kwenye ukungu, panga mpaka shina la mkorosho lilingane na lenyewe, piga picha tano za kujaribu, uzifute, ndipo uendelee.

*Dalili ya mafanikio:* ukiangalia tukio moja, macho yako yanamfuata ngedere na hukumbuki kuwa kulikuwa na ardhi.

## Kwa asiyependa kupaka rangi

Kuna njia ya kivuli. Ngedere anakatwa kwa manila nyeusi tupu na analazwa juu ya kioo kilichofunikwa kwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, taa ikimulika kutoka chini. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Reiniger. Inasamehe rangi mbaya na viungo vibaya, lakini haisamehi mchoro wa ubavu: pua, vidole na mkia lazima visomeke kwa umbo tu. Kioo kikae juu ya nguzo imara za matofali, kingo za kioo hicho zizungushiwe selotepu zisikate mtu, na taa iwe LED. Balbu za zamani zinachoma karatasi. Kama kioo kinarudisha sura ya simu, zungushia simu kile kitambaa cheusi.

## Hatua ya 11: Sauti

Rekodi kwa simu, chumbani penye nguo nyingi, feni ikiwa imezimwa. Nyayo za ngedere ni majani makavu ya mkorosho yakibonyezwa kwa vidole karibu na maiki. Bibo likigonga kichwa ni kiganja kwenye ndizi mbivu. Weka sauti ya kugonga kwenye picha ile ile ya kugusa au moja kabla yake. Ikichelewa kwa picha mbili, kila mtu anaona. Wimbo wa msanii usiuweke bila ruhusa, video inaweza kuondolewa mtandaoni. Mtaani hapakosi mtu anayejua kupiga ngoma, mrekodi sekunde 20.

## Hatua ya 12: Toa video na uhifadhi vipande

Toa video kwa picha 12 kwa sekunde, ubora wa 1080. Kabla ya kufuta chochote kwenye simu, nakili picha zenyewe, si video tu, kwenye memori kadi. Ukitaka kurekebisha tukio moja baadaye, utazihitaji.

Ngedere usimtupe. Mlaze bapa kwenye bahasha kati ya kadibodi mbili, vichwa vyake vya ziada pamoja naye, juu ya kabati na mbali na ukuta unaolowa. Kama ulitumia uji wa muhogo badala ya gundi, bahasha iingie kwenye kopo lenye mfuniko: mende watamla, na huanza na masikio.